Barabara Imefunguliwa, Fungua na Dirisha
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Meru na Embu, Julai 2020

Jumatatu tarehe 6 Julai Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kuanzia saa kumi alfajiri ya siku iliyofuata, watu wataruhusiwa tena kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa na Mandera. Jioni hiyohiyo simu zililia kila boma, kuanzia Kianjokoma hadi Laare. "Mama, nakuja Jumamosi." Nairobi ilikuwa imefungwa tangu tarehe 6 Aprili. Miezi mitatu mtu hajaona mtoto wake, au hajamzika mzazi wake akiwa kando ya kaburi, si jambo dogo, na kijitabu hiki hakikuandikwa ili kumzuia yeyote kufurahi.

Kimeandikwa kwa sababu kilichofunguliwa ni barabara. Kafyu ipo bado, saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri. Barakoa ni lazima ukiwa mahali pa umma. Arusi na mazishi sasa yanaruhusu watu 100, lakini si zaidi. Rais mwenyewe alisema hali ikiharibika vizuizi vitarudi. Na virusi vya korona, ambavyo vilithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza mwezi Machi, havikusikiliza hotuba. Siku ile ya tangazo Kenya ilikuwa imehesabu takriban wagonjwa 8,000, wengi wao Nairobi na Mombasa, yaani huko hasa wanakotoka wageni wetu.

MGENI NI WETU

Kuna neno linalosikika sokoni siku hizi: "ugonjwa wa watu wa Nairobi." Tulitupe. Mtu wa Nairobi ndiye anayemlipia shosho dawa za presha na kununua mbolea ya majani chai. Akishuka stegi asikimbiwe kama mwizi. Apokelewe kwa mpango, na mpango ufanywe kwa simu kabla hajapanda gari.

"Mwanangu, ukifika usipitilize jikoni. Maji na sabuni nimeweka pale langoni."

"Sawa mama. Na shosho?"

"Shosho nitamtoa nje akuone, akae kwenye kiti chake, nawe ukae kwenye benchi."

"Hata kumkumbatia?"

"Mkumbatie kwa macho wiki mbili, kisha tutaona."

Kwa nini wiki mbili? Mtu akiambukizwa leo, dalili mara nyingi hutokea baada ya siku tano au sita, ila zinaweza kuchelewa hadi siku 14. Siku moja au mbili kabla ya dalili anaweza tayari kuwaambukiza wengine. Wengine hawaoni dalili kabisa. Kwa hiyo "mimi niko sawa, sikohoi" ni habari njema, lakini haitoshi. Aliyefika Jumamosi tarehe 11 ahesabu hadi tarehe 25. Kwa siku hizo alale chumba chake, au kwenye ile nyumba ndogo ya vijana, awe na kikombe na sahani yake, na mazungumzo yafanyike uani. Anayekuja kwa siku mbili tu za mazishi hawezi kutimiza hesabu hiyo. Basi huyo asivue barakoa akiwa ndani, asilale chumba kimoja na mzee, na salamu ziwe za kupunga mkono.

Tunajua ni ngumu. Kwetu kutompa mtu mkono ni kama kumwambia amekosa. Inasaidia mwenye boma aseme mapema, mbele ya wote, kwamba hapa hatupeani mikono hadi Agosti, ili lawama iwe yake na mgeni asibaki ameshika mkono hewani.

JIKO, MOSHI NA BARIDI YA JULAI

Sehemu hii tungependa isomwe kwa sauti, hata mara mbili.

Barabara imefunguliwa mwezi ambao sisi tunafunga kila kitu kingine. Watu wa Kiritiri na Ishiara, kwenye joto, huenda hawatuelewi, lakini Kianjokoma, Githongo na sehemu zote zilizo karibu na msitu wa Mlima Kenya, Julai ni ukungu na manyunyu. Kufikia saa kumi na mbili jioni mlango umesukumwa, dirisha limezibwa kwa gunia, na watu wanane wamezunguka moto wakingoja githeri. Shosho yuko kwenye kigoda karibu na mawe, kwa sababu ndiye anayesikia baridi zaidi. Mgeni kutoka jijini anaketi karibu naye, kwa sababu ndiye mwenye hadithi.

Virusi hivi hutoka na pumzi. Mtu akikohoa, akicheka, akiimba au akisimulia kwa sauti, hutoa matone madogo ya mate. Makubwa huanguka karibu naye, na ndiyo maana tunaambiwa tukae umbali wa mita moja au zaidi. Siku ileile ya tangazo la Rais, barua ya wanasayansi 239 kutoka nchi nyingi ilichapishwa ikilitaka Shirika la Afya Duniani lizingatie pia yale matone madogo sana yanayoelea hewani ndani ya vyumba visivyopitisha hewa. Mjadala wao unaendelea. Mama mwenye jiko la mawe matatu hana haja ya kuungoja uishe, kwa kuwa ana kipimo chake: moshi. Kama moshi wa kuni unabaki chumbani hadi macho yanawasha, basi na pumzi za watu wanane zimebaki humohumo. Kama moshi unapata njia ya kutoka, pumzi nazo zinatoka.

Kwa hiyo dirisha lifunguliwe, hata kama ni la upana wa kiganja, na mlango uachwe wazi watu wanapokula. Mahali pasipo na dirisha, toboa nafasi juu ya ukuta karibu na paa, upande usiopigwa na mvua. Baridi tuitafutie dawa nyingine: sweta mbili, leso mabegani, uji wa moto, na mzee kuota jua la saa nne asubuhi siku linapotokea. Anayeweza kupakua chakula na kukipeleka nyumba kubwa ili watu wakile wakiwa wametawanyika, afanye hivyo. Mkusanyiko wa jikoni upunguzwe: wapishi wawili, hadithi nje.

Na jiko la makaa lisiingizwe chumba cha kulala kilichofungwa, korona au bila korona. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamshwi nayo. Hilo lilikuwa kweli kabla ya Machi na litabaki kweli.

SOKO, MATATU NA MIRAA

Gari la abiria 14 linabeba wanane. Mwenye kuongeza wa tisa anakuongezea na wewe hatari, kwa hiyo una haki ya kusema. Fungua kioo cha upande wako, usingoje makanga. Kutoka Nairobi hadi Embu ni kilomita zaidi ya 120, na hadi Meru zaidi ya 200. Ni saa nyingi za kupumua hewa moja.

Sokoni, iwe Gakoromone au Embu mjini, nenda asubuhi kabla umati haujajaa, na uende peke yako. Lipa kwa M-Pesa ukiweza. Kutuma shilingi 1,000 au chini ya hapo hakutozwi ada tangu Machi, na mama mboga wengi wamezoea. Ukirudi, nawa kwanza kisha upange vitu. Hakuna haja ya kuosha nyanya kwa sabuni. Maji safi yanatosha.

Igembe wana shida yao ambayo mwenyeji wa Embu huenda haioni. Tangu Machi ndege za miraa hazitui Mogadishu, na mapato ya Maua na Laare yameshuka vibaya. Mtu mwenye njaa hutamwambia akae nyumbani. Lakini vibanda vya kufungia miraa, watu wamekaa bega kwa bega wakifunga kwa majani ya mgomba, vinaweza kuhamia chini ya mti. Wanaotafuna, iwe miraa au muguka wa Mbeere, wanawe kabla ya kuchagua, kila mtu awe na fungu lake na chupa yake ya maji, na makapi yasitemwe ovyo. Vivyo hivyo muratina: kikombe kimoja kinachozunguka wazee kumi ni mila nzuri katika mwaka mwingine.

Tukiwa hapo kwenye pombe: haitibu wala haikingi. Aprili gavana wa Nairobi, Mike Sonko, alitangaza kwamba ametia chupa ndogo za Hennessy katika vifurushi vya msaada, akisema zinasafisha koo. Kampuni yenyewe ilijitokeza na kukanusha kwamba kinywaji chake kinakinga virusi. Muuzaji mwenyewe akikataa sifa, mnunuzi ana nini cha kubishana?

MAJI NA KITAMBAA

Sabuni ya kipande inatosha. Virusi hivi vimefunikwa kwa ganda la mafuta, na sabuni hulivunja kama inavyovunja mafuta ya sufuria. Sugua kwa sekunde 20. Sehemu za Mbeere ambako maji hununuliwa kwa mtungi, kibuyu chirizi kinaokoa sana: mtungi wa lita tano, tundu la msumari karibu na kifuniko, kamba hadi kijiti cha kukanyaga kwa mguu, na sabuni ndani ya soksi kuukuu iliyoning'inizwa kando. Kikombe kimoja cha maji kinatosha watu kadhaa, na hakuna anayeshika mtungi.

Barakoa ya kitambaa ifuliwe kila siku na kuanikwa juani. Ifunike pua. Ile inayovaliwa kidevuni chifu anapotokea haina kazi. Mtoto wa chini ya miaka miwili asivishwe.

WALIOBAKI NYUMBANI

Makanisa na misikiti inafunguliwa kwa hatua: watu wasiozidi 100, saa moja, na wasiingie walio chini ya miaka 13 wala waliozidi 58. Nia ni njema. Lakini angalia kinachotokea Jumapili: shosho na wajukuu ndio wanaobaki pamoja, na wajukuu ndio wanaozunguka boma zote za jirani wiki nzima. Watoto wanawe kabla ya kumkaribia, na wacheze nje. Ibada ya redio shosho anaweza kuisikiliza barazani.

Wazee wengi, na hili linatuuma kuliko yote, wameacha kliniki. Waliogopa hospitali, au gari halikuwepo. Dawa za presha na sukari hazikatizwi kwa sababu ya korona. Mwenye magonjwa hayo ndiye anayeumizwa zaidi akiambukizwa. Mama mjamzito arudi kliniki. Kijitabu cha mtoto kitazamwe leo: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua miezi tisa na tena miezi 18. Iliyopitwa haijapotea, mpeleke tu. Surua ikiingia kijijini itawadhuru watoto ambao korona kwa kawaida huwapita kwa upole.

Serikali imetangaza kwamba shule hazitafunguliwa hadi Januari 2021. Ni miezi sita. Msichana wa darasa la saba anayetumwa dukani jioni kila siku, mvulana aliyeonja pesa za kuchuma miraa, hao nao ni wagonjwa wa msimu huu ingawa hawana homa. Mzazi ajue mtoto yuko wapi na nani anampa zawadi. Na anayepigwa au kuguswa nyumbani kwake asivumilie kwa sababu ya kafyu. Simu za msaada ni za bure na zimo ukurasa wa mwisho.

MTU AKIUGUA

Homa, kikohozi kikavu, uchovu, kupoteza harufu au ladha: akae chumba chake chenye dirisha wazi, ahudumiwe na mtu mmoja ambaye si mzee wala mgonjwa, wote wawili wakiwa na barakoa. Pigeni 719 au mwiteni mhudumu wa afya wa kijiji. Anywe maji na vinywaji vya moto kwa wingi, apewe paracetamol kwa homa. Kujifukiza hakuui virusi, na sufuria la maji ya moto chini ya blanketi limeunguza watoto wengi.

Msingoje kesho akishindwa kupumua, akiumwa na kifua kwa kubanwa, akichanganyikiwa, au midomo ikigeuka rangi ya samawati. Hapo ni hospitali, usiku au mchana. Kafyu haimzuii mgonjwa. Mkikutana na polisi semeni mnakwenda wapi. Dereva wa usiku tafuteni sasa, mkiwa wazima, mkubaliane bei.

Jirani akisikia kuna mgonjwa, apeleke kuni na maziwa hadi langoni, kisha apige simu kwamba ameviacha.

UKURASA WA KUBANDIKA MLANGONI

Korona: 719
Ukatili wa nyumbani: 1195
Mtoto aliye hatarini: 116
Mhudumu wetu wa afya: ........................
Dereva wa usiku: ........................
Mwenyekiti wa Nyumba Kumi: ........................
Mgeni wetu alifika tarehe: ............ Siku 14 zinaisha tarehe: ............
Siku ya shosho kwenda kliniki: ............