Jinsi ya Kusoma Kibao cha Historia Kando ya Barabara

Una siku moja Mississippi na gari la kukodi? Nenda Kaunti ya Tallahatchie ukasome vibao vya Emmett Till. Ukivisoma vizuri, utajua kusoma vingine vyote kusini mwa Marekani.

Pakua ramani kabla ya kutoka hotelini. Mashambani usitegemee mtandao. Ukikiona kibao umeshakikaribia, usifunge breki ghafla. Pita, geuza mahali penye nafasi, urudi. Egesha nje kabisa ya lami.

Anzia Sumner, mbele ya mahakama. Hapo, Septemba 1955, Roy Bryant na J. W. Milam walishtakiwa kwa kumuua Emmett, mtoto mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago. Jopo la wanaume weupe pekee lilijadiliana dakika 67, likawaachia huru. Miezi michache baadaye wakakiri jaridani.

Tafuta mwaka kwanza. Kibao cha mbele ya mahakama kiliwekwa 2007, kaunti ilipoiomba radhi familia. Ni miaka 52 baada ya kesi. Sasa linganisha: sanamu ya wanajeshi wa Confederacy, majimbo ya kusini yaliyojitenga kutetea utumwa, ilisimamishwa kwenye uwanja huohuo mwaka 1913. Miaka hiyo miwili inakwambia nani alikumbukwa mapema na nani alisubirishwa.

Kisha msake mtendaji. Kibao kikisema mtu "aliuawa", uliza "na nani?" Vibao vingi vinaishia kwenye kitenzi. Cha Sumner kinawataja washtakiwa kwa majina, na kinasema kwamba walikiri. Hivyo ndivyo kibao kinavyopaswa kuandikwa.

Ng'ambo ya barabara kuna Emmett Till Interpretive Center. Ingia, uliza njia ya kwenda Graball Landing, ukingo wa mto Tallahatchie, panapoaminika kuwa ndipo mwili wa Emmett ulipotolewa majini. Wauaji walikuwa wameufunga feni ya kinu cha pamba kwa waya ili uzame.

Ukifika Graball Landing, usiishie kwenye maandishi. Kitazame kibao chenyewe. Cha kwanza, cha 2008, kiliibwa. Vilivyofuata vilipigwa risasi. Kimoja kimewahi kuonyeshwa kwenye jumba la makumbusho Washington, kikiwa na matundu 317. Unachokiona sasa ni cha 2019: hakipenyi risasi, na uzito wake unapita kilo 200. Uzito huo nao uandike kwenye daftari lako, maana ni sehemu ya historia.

Piga picha tatu: mbele, nyuma, na mandhari yote. Picha ya maandishi peke yake haitakukumbusha mto ulikuwa upande gani.

Ukienda na watoto, wasimulie kisa hiki garini kabla hamjafika, kwa maneno yako mwenyewe. Waambie pia kuhusu mama yake Emmett, Mamie Till-Mobley, aliyeagiza jeneza liachwe wazi ili watu waone alichofanyiwa mwanawe. Mkishuka mtoni, wape watoto nafasi ya kusoma wenyewe, kwa sauti, polepole.