Mwendo wa Mbio na Mnara wa Hekalu

Somo la Amri ya Tano, kwa walimu na wanafunzi wa kipaimara

Mafungu ya kusoma: Mathayo 4:5-7, Zaburi 91:11, Kumbukumbu la Torati 22:8, Mithali 19:2



Mwezi huu twaifikia Amri ya Tano. Wengi wetu huipita upesi tunapofundisha, kwa kuwa kila mtu darasani hujiona kuwa hakuua. Mimi nami niliipita hivyo zamani, hata siku moja barabara ya Soni iliponifundisha. Basi nitaanza kwa kuwasimulia kosa langu mwenyewe, kisha tutaliangalia Neno.

Wakati ule nilikuwa mwinjilisti kijana, sijafika miaka thelathini. Usharika ulikuwa na pikipiki moja ya kutembelea mitaa ya mbali. Nilijifunza kuiendesha katika kiwanja cha mpira, na miezi ya kwanza nilikwenda nayo polepole, gia ya kwanza na ya pili, hata watoto waliweza kunifuata wakikimbia na kucheka. Wale waijuao milima yetu ya Usambara hawatashangaa. Barabara itokayo Mombo kupanda hata Lushoto ni kama kilomita 33, nayo yapinda na kupinduka. Upande mmoja jabali, upande wa pili korongo.

Siku moja nilitumwa Mombo kupokea mzigo wa vitabu uliokuja kwa basi. Nikateremka salama, nikapita Soni penye maporomoko ya maji, nikafika chini mapema mno. Basi lilikuwa halijafika. Nikaambiwa, Ngoja muda wa saa moja. Nami badala ya kuketi kivulini nikatazama ile barabara kuu iendayo Mazinde na Same, nikaona ilivyonyooka, lami tupu, hakuna gari. Nikasema moyoni, Nitakwenda kidogo tu, kisha nirudi.

Nikapanda, nikavuta mafuta. Mshale ukafika 60, nao huo ulikuwa mwendo nisioujua bado. Nikavuta tena. Ukafika 80, ukafika 95. Ndugu zangu, sitaki kuwadanganya: ilikuwa furaha kubwa. Shati likajaa upepo kama tanga la jahazi. Macho yakanitoka machozi. Mistari ya mkonge ikapita kando yangu kama meno ya kitana. Upande wa kuume ukuta wa milima ulisimama kimya, na juu kabisa niliuona mwamba wa Irente, pale ambapo mara nyingi nilisimama nikaitazama barabara hii hii kama uzi mwembamba uliolazwa nyikani. Sasa mimi nilikuwa juu ya uzi ule nikiruka. Nikaimba kwa sauti kuu, wala sikuisikia sauti yangu.

Nikarudi Mombo, nikapokea vitabu, nikavifunga nyuma, nikaanza kupanda. Lakini yule mtu aliyepanda hakuwa tena yule aliyeteremka asubuhi. Mkono wangu ulikuwa umeonja. Kila mahali barabara iliponyooka kidogo, nilivuta. Nikapita Soni. Mbele kidogo, katika kona, nikamkuta mama mzee amebeba mzigo wa kuni kichwani, naye yu katikati ya njia akivuka.

Nikashika breki. Tairi ya nyuma ikateleza juu ya kokoto, nami nikaanguka pamoja na pikipiki na vitabu. Yule mama akajitupa mfereji. Kwa rehema za Mungu hatukuvunjika, si yeye wala mimi. Kiganja chake kilichubuka, goti likatoka damu, na kuni zake zikatawanyika barabarani. Nikamwinua. Alinijua, kwa maana alikuwa msharika wetu. Akanitazama, akaniuliza, “Mwalimu, kuna mgonjwa?”

Maana hakuweza kuwaza sababu nyingine ya mwinjilisti kukimbia hivyo. Nami nikajibu, “Ndiyo, bibi, kuna mgonjwa.”

Akasema, “Basi nenda, mwanangu, usinisubiri. Nami nitamwombea.”

Nikaenda. Nilimwacha mama mwenye goti la damu akiokota kuni zake peke yake. Jumapili baada ya ibada akanijia, akaniuliza habari za mgonjwa. Nikasema, anaendelea vizuri. Jumapili ya pili akauliza tena. Alikuwa akimwombea kila usiku mtu asiyekuwako. Juma la tatu sikuweza tena kusimama mbele ya darasa na Katekisimo mkononi. Nikaenda nyumbani kwake, nikamweleza yote: Mazinde, mshale, na uongo. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Hata hivyo sikuomba bure. Mgonjwa alikuwako.” Akanionyesha mahali penye kuni, nikaenda nikamletea mzigo.

Habari yangu imekwisha. Sasa na tujifunze mambo manne.

La kwanza: furaha ya mwendo siyo dhambi, wala chombo chenyewe siyo kiovu. Pikipiki ya kwanza yenye kutumia mafuta ilitengenezwa mwaka 1885 huko Ujerumani na Gottlieb Daimler pamoja na Wilhelm Maybach. Mwili wake ulikuwa wa mti, na mwendo wake wapata kilomita 11 kwa saa, yaani mwendo wa mtu akimbiaye taratibu. Mwaka 1891 wamisionari Johanssen na Wohlrab walipoanza kazi Mlalo, Injili ilipanda milima hii kwa miguu. Siku hizi pikipiki humfikisha mama mwenye uchungu hospitali, huchukua kabichi na karoti na matunda ya wakulima mpaka sokoni, na huwapatia chakula vijana wengi wa sharika zetu. Hiyo ni karama, tumshukuru Mungu. Tena Maandiko hayakatazi haraka yote. Mariamu alikwenda kwa haraka mpaka nchi ya milima kumwona Elisabeti. Filipo alilikimbilia gari la Mkushi. Baba wa mwana mpotevu alipiga mbio. Lakini angalieni: kila mmoja wa hao alikimbilia mtu. Mimi pale Mazinde sikumkimbilia mtu ye yote. Tena Yehu naye alijulikana kwa mbali kwa jinsi alivyoendesha gari lake kwa ukali, naye alikuwa akienda kumwaga damu.

La pili: mwendo wa mbio kupita kiasi ni mnara wa hekalu. Hapa nawaomba walimu wafanye hesabu pamoja na vijana, maana vijana huheshimu hesabu. Mtu aendaye kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kwa sekunde moja. Aendaye kilomita 80 hupita mita 22. Kabla mkono wake haujashika breki, ile sekunde ya kushtuka imekwisha kumpeleka mita 22 mbele. Ndipo breki huanza kazi. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mgongano haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Hata nafasi ya kusimamia chombo huongezeka mara nne. Agongaye ukuta kwa mwendo wa kilomita 40 ni kama mtu aliyeanguka kutoka juu ya mti wa mita 6. Agongaye kwa kilomita 80 ni kama aliyeanguka mita 25. Na mimi, kwa ile 95, nilikuwa nimesimama kwenye ukingo wenye urefu wa mita 35, nikiimba.

Sasa someni Mathayo 4. Ibilisi alimweka Bwana Yesu juu ya mnara wa hekalu, akamtaka ajitupe chini, kwa sababu malaika wamwekewa kumlinda. Akataja Zaburi. Lakini fungueni Zaburi ya 91, fungu la 11, mlinganishe maneno. Zaburi yasema kwamba Mungu atamlinda mtu katika njia zake. Neno hilo la njia yule mshawishi aliliacha. Mungu ameahidi ulinzi kwa mtu aliye njiani, katika kazi aliyotumwa, akienda kama impasavyo. Hakuahidi ulinzi kwa mtu ajitupaye ili aone kama atadakwa. Asubuhi ile kabla ya kuondoka niliomba, Bwana unilinde safarini. Sala ilikuwa njema. Lakini saa nne baadaye niliigeuza kuwa jaribio. Vijana wetu wengi hubandika maneno ya sala juu ya pikipiki zao, nalo si baya; walakini yule aliyebandika jina la Mungu mbele, kisha aingia kona ya Soni asipoweza kuona kilicho mbele, amemjaribu Bwana Mungu wake.

La tatu: Amri ya Tano yamtazama jirani. Katekisimo Ndogo ya Luther hatufundishi tu kutomdhuru jirani mwili wake; yatufundisha pia kumsaidia katika kila haja ya mwili. Katika Torati, Mungu aliagiza kwamba mtu ajengapo nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari yake, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Tazameni: aliyeanguka huenda alikuwa mzembe, lakini mwenye nyumba ataulizwa habari za ukuta. Basi mwenye pikipiki ni mwenye nyumba, na abiria wake yuko darini. Kofia ngumu ndiyo ukuta. Watafiti waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi, wakatangaza mwaka 2008, waliona kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa sehemu 42 katika mia, na hatari ya kuumia kichwa kwa sehemu 69 katika mia. Mtu akijivika kofia yeye peke yake, na abiria wake akaketi nyuma kichwa wazi, amejenga ukuta upande mmoja wa dari. Na kofia iliyotundikwa kwenye usukani kwa kumwogopa askari haimlindi mtu.

La nne: mbio huzaa uongo. Mimi nilivunja Amri ya Tano kwa mkono, na papo hapo ya Nane kwa ulimi. Wala uongo wangu haukuwa mdogo, kwa maana nilijificha nyuma ya kazi ya Mungu. Ndugu walimu na wachungaji wenzangu, tujihadhari na jambo hili. Twapenda kusema, Nina haraka ya kazi ya Bwana. Mara nyingi kazi ya Bwana ilitungoja asubuhi yote nasi tulikawia. Kisha twataka watu wa njiani, wenye kuni na wenye watoto mgongoni, walipe deni la kukawia kwetu. Mithali 19:2 yamhesabia kosa mtu mwenye miguu ya haraka; na wazee wetu wa pwani wamesema kwa njia yao, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mambo ya kutenda. Mwalimu awaagize vijana waendeshao vyombo: waondoke mapema, wateremkapo Mombo au penginepo wasizime injini wala kuachia gia ili kuokoa mafuta, kwa kuwa injini husaidia kuzuia chombo, na breki ikitumika peke yake kwa muda mrefu hupata moto na kulegea, wapunguze mwendo kabla ya kuingia kona, si ndani yake, wasibebe watu wawili nyuma, wakimwona mtu mzee au mtoto kando ya njia, wafikiri kwamba atavuka. Na sisi abiria tusiseme, Kijana, kaza mwendo, nimechelewa. Amwambiaye hivyo ashiriki naye katika kosa. Nimewahi kusimama kaburini mwa kijana niliyempa kipaimara kwa mikono hii, na wale waliomharakisha siku ile walikuwa wamesimama pamoja nami, wakilia.

Maswali ya darasa:

1. Ni neno gani la Zaburi 91:11 aliloliacha mshawishi, nalo lina maana gani kwa msafiri?

2. Mariamu, Filipo na baba wa mwana mpotevu walimkimbilia nani? Wewe ukikimbia, wamkimbilia nani?

3. Dari yako ni ipi, na ukuta wake uko wapi? Asiye na pikipiki naye ajibu.

4. Je, yuko mtu uliyemwacha njiani akiokota kuni zake? Utamwendea lini?

Swali la nne lisijibiwe kwa sauti darasani. Kila mtu aende nalo nyumbani.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyekataa kujitupa chini, utushike mikono yetu. Utusamehe mbio zetu na uongo wetu. Uwalinde vijana wetu katika njia za milima hii, na wale wanaovuka mbele yao. Utufikishe tulikotumwa, pamoja na jirani zetu. Amin.