Somo: Sukari ya Damu na Kusahau kwa Wazee

Wewe unayemtunza mzee mwenye ugonjwa wa sukari, angalia jambo hili. Pengine baba anauliza neno moja mara tatu kabla ya chakula, ama mama hajui kama amekwisha kupigwa sindano yake. Watu wa nyumba wanasema, "Ni uzee tu," na wengine wanatafuta mlozi. Msifanye hivyo. Sukari nyingi ikikaa miaka katika damu huharibu mishipa midogo, na bongo hulishwa na mishipa hiyo.

Tena umeona kidonda: ni chekundu, kimevimba, kina moto, kinauma. Hiyo ni kazi ya askari wa mwili. Kwa mwenye sukari, zaidi akiwa mnene, askari hao hawapumziki. Wanapigana kidogo kidogo usiku na mchana, pasipo kidonda cha kuonekana, na vita hiyo huumiza mishipa.

Jambo lingine tunalipokea kwa wazazi. Jeni moja, jina lake APOE, ina namna tatu: 2, 3 na 4. Mwaka 1993 wachunguzi wa Marekani walionyesha kwamba wenye namna ya 4 hupatwa zaidi na ugonjwa wa Alzheimer. Lakini si hukumu. Wengi wanayo wala hawaugui, na kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, nguvu yake ilionekana ndogo kuliko kwa Wazungu. Jeni huwezi kuibadili, basi usisumbuke nayo.

Mimi naogopa zaidi sindano. Mzee akisahau na kujipiga insulini mara mbili, sukari yaweza kushuka chini ya 70. Atatetemeka, atatoka jasho, atasema ovyo, na asiposaidiwa aweza kufa kabla ya mapambazuko. Kwa hiyo mtu mmoja wa nyumba ashike dawa, atie alama katika kalenda kila baada ya sindano. Akitetemeka naye aweza kumeza, mpe maji yenye vijiko vitatu vya sukari, kisha chakula. Akizimia, usimtie kitu kinywani. Mpeleke hospitali upesi.

Kama amemeza metformini miaka mingi, uliza juu ya vitamini B12. Dawa hiyo yaweza kuipunguza, na ikipungua mtu husahau; hilo lina dawa yake. Mwulize dokta pia kama insulini ya mzee anayesahau yapasa kupunguzwa. Usiipunguze mwenyewe.