Kanda za Mjomba: Funzo Kuhusu Kusikiliza Wimbo

Mpenzi msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha, tena nikaukanyaga. Keti basi nikusimulie, kisha tujifunze pamoja.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa redio. Alipofariki alituachia katoni yenye kanda 23. Nyingi ni za muziki wa Kizungu uitwao wimbi jipya. Muziki huu ulizuka Uingereza na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vijana wa panki kuvuma mwaka 1976 na 1977. Vijana wa wimbi jipya waliongeza vinanda vya umeme na mashine za kupigia ngoma. Mimi nilizisikiliza dakika tano tu, nikasema, "Hizi ni kelele za wazee!"

Nilipokuwa kidato cha kwanza nilitaka kunasa nyimbo za redioni. Kila kanda ina vimeno viwili vya plastiki mgongoni, kimoja kwa kila upande. Ukivivunja, mashine haikubali kurekodi. Mjomba alikuwa amevivunja vyote. Mimi, hodari wa ujinga, nikaziba mashimo kwa selotepu na kurekodi juu ya kanda sita.

Desemba iliyopita stima zilipotea, tukatia betri kwenye redio-kaseti. Mama akaniambia, "Hebu weka kanda moja ya kakangu. Weka upande wa pili, ndiko anakoongea."

Anakoongea? Moyo ulinipasuka paa! Kumbe Mama aliacha shule darasa la sita kwa kukosa karo, na Mjomba alikuwa akimrekodia nyimbo na kumfafanulia kila mmoja kwa Kiswahili. Zilikuwa kama barua kwa dada yake. Tulisikiliza kanda tatu huku Mama akicheka peke yake. Katika ya nne, Mjomba alianza, "Sasa dada, wimbo huu nimekuwekea kwa sababu…" Mara tangazo la sabuni likamkata kauli. Lilikuwa tangazo nililonasa mimi.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Basi, izime." Walahi, ni heri angenichapa.

Tangu siku hiyo nimezisikiliza zilizobaki, daftari mkononi. Nimegundua kuwa Mjomba alikuwa na maswali matatu ambayo aliuliza kila wimbo. Ndiyo somo langu kwenu.

Swali la kwanza: Ni nani anayesema? Chukua wimbo "Don't You Want Me" wa kundi la The Human League, uliotoka mwaka 1981 na kushika nafasi ya kwanza Uingereza Desemba hiyo. Mwanamume anaanza kwa kujigamba kwamba alimkuta msichana akihudumu katika baa, akamfanya mtu mashuhuri, na sasa anamtishia. Ukizima hapo utamhurumia mwanamume. Lakini ubeti unaofuata unaimbwa na msichana mwenyewe. Anakiri kwamba ndiyo, alikuwa mhudumu, ila angefanikiwa hata bila yeye. Je, hii si ngonjera? Mjomba alimwambia Mama, "Dada, usihukumu kabla ya ubeti wa pili." Nasi katika fasihi tunaambiwa kwamba nafsineni si lazima awe mtunzi, wala si lazima awe mkweli.

Swali la pili: Je, sauti na maneno vinakwenda pamoja? Sikiliza "Enola Gay" wa Orchestral Manoeuvres in the Dark, wa mwaka 1980. Kinanda kinaruka kwa furaha hata miguu inawasha. Nilidhani Enola ni mchumba wa mtu. La hasha! Ni jina la ndege ya Marekani iliyodondosha bomu la atomiki mjini Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na rubani aliipa jina la mamake. Wimbo unataja saa mbili na robo asubuhi, saa ambayo haitasogea tena. Tena hauna kiitikio cha kuimbwa. Kinanda ndicho kinachoitikia. Hicho ndicho kinaya: muziki unacheka huku maneno yanalia. Ukicheza tu bila kusikiliza, umecheza matangani.

Swali la tatu: Wimbo umetoka wapi? Mwaka 1980 kundi la Talking Heads la New York lilitoa albamu "Remain in Light." Midundo yake inazungukana, gitaa moja likijibu jingine, mpaka nikahisi kama naijua. Mjomba alieleza kuwa wanamuziki hao na mtayarishaji wao Brian Eno walikuwa wakimsikiliza sana Fela Kuti wa Nigeria. Kumbe nilichokiita kelele za Kizungu kilikuwa kimekwisha kunywa maji ya Afrika! Usikatae mgeni kabla ya kumuuliza kwao ni wapi.

Ndugu msomaji, redio-kaseti ikirekodi, utepe hupita kwanza kwenye kichwa cha kufutia, ndipo ukafika kwenye kichwa cha kurekodia. Yaani mashine hufuta kwanza, kisha huandika. Kilichofutwa hakirudi, hata ulie machozi ya damu. Kwa hiyo kama nyumbani mna kanda, zikague vimeno. Kama havijavunjwa, vivunje leo. Ziweke mbali na jua na spika kubwa. Kisha zisikilize pande zote mbili hadi mwisho kabla ya kuzidharau.

Mimi na Mama tumenakili kanda 17 zilizosalimika, ili zisitegemee utepe mmoja mkongwe. Ile ya nne sikuitupa. Jumapili iliyopita nilimwuliza Mama, "Unadhani Mjomba alitaka kusema nini?" Akafikiri kidogo, akasema, "Andika wewe unachodhani, halafu unisomee." Ndiyo kazi ninayoifanya sasa.

ZOEZI: Chagua wimbo mmoja wa zamani unaopendwa na mzazi au mlezi wako. Uulize maswali matatu ya Mjomba. Kisha muulize mwenyewe kwa nini anaupenda, na umsikilize mpaka amalize.