Boti ya faiba ya zamani: ninunue?

Swali: Nimepata boti ya faiba ya uvuvi iliyoundwa miaka ya 1970, bei nafuu. Wenzangu wanasema za zamani ni nene na hazifi. Niwaamini?

Jibu: Ndugu yangu, kuhusu unene hawajakosea. Waundaji wengi wa enzi hizo walitandika matabaka mengi kwa mkono. Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao zilizofunikwa ndani yake: plaiwudi ya tezi inayobeba mashine, mataruma na sakafu. Tundu moja la skrubu lisilozibwa hupitisha maji miaka na miaka, na kwa nje huoni kitu.

Kwa hiyo gonga kwa mpini wa bisibisi, ukianzia tezi. Mlio mkavu ni mzuri. Mlio mzito, uliofifia, ni dalili ya ubao uliooza au matabaka yaliyoachana. Kisha shika mashine, itikise juu na chini. Tezi ikicheza, usinunue kabla fundi hajakupa gharama ya kuijenga upya. Malengelenge machache ya rangi chini yasikutishe.

Jina kubwa nalo si kinga. Boston Whaler za Marekani, zilizoanza 1958, zilisifika 1961 kwa picha za boti iliyokatwa kwa msumeno katikati ikiwa inaelea, kwa sababu ya povu lililojazwa kati ya kuta mbili. Povu hilo likishakunywa maji, kulikausha ni kazi kubwa. Ukiletewa boti ya aina hiyo, ipime uzito kwanza.