Kuhesabu Gharama ya Mnara: Jinsi ya Kuchagua Chuo Tukiwa Ukimbizini

SOMO LA FAMILIA NA VIKUNDI VYA NYUMBANI
Maandiko ya kusoma: Luka 14:28-30, Danieli 1:3-20, 2 Wafalme 4:1-7



Kila mwaka matokeo ya S6 yakitoka, furaha na wasiwasi huingia nyumba moja siku moja. Mtoto amefaulu, Mungu asifiwe. Lakini atasoma wapi, na nani atalipa? Katika zoni zetu wapo wazazi waliouza mbuzi, mabati, hata cherehani ya mama, ili mtoto aanze chuo. Baada ya mihula miwili mtoto amerudi nyumbani. Karatasi hana, na cherehani haipo tena. Somo hili limeandikwa ili jambo hilo lipungue kati yetu. Neno lake kuu ni moja: usichague chuo kwa kutazama mlango wa kuingilia, chagua kwa kutazama mlango wa kutokea.

1. YESU HAKUKATAZA KUJENGA

Katika Luka 14 Bwana anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Kwanza anaketi, anapiga hesabu, aone kama anavyo vya kumalizia. Asipofanya hivyo ataweka msingi, kisha watu watamcheka. Najua Bwana alikuwa anafundisha gharama ya kumfuata yeye. Lakini alichukua mfano ambao kila msikilizaji alikubali kuwa ni akili ya kawaida: mwenye busara huhesabu mpaka mwisho wa kazi.

Wengine husema, "Mchungaji, mimi ninaanza kwa imani, Mungu atamalizia." Ndugu, kuketi na kuhesabu si kukosa imani. Aliyetuamuru tuamini ndiye aliyetoa mfano wa kuhesabu. Na wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wengine wamekosea upande wa pili. Wanasema, "Tunangoja kwenda nchi ya tatu, au kurudi Kongo, masomo ya nini sasa?" Watu wa Yuda waliokuwa uhamishoni Babeli walipewa barua na nabii Yeremia (Yeremia 29): wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, kwa maana siku zitakuwa nyingi. Nakivale ilianza kupokea wakimbizi mwisho wa miaka ya 1950, na bado inapokea. Mtoto hawezi kuweka ujana wake katika sanduku ili autumie baadaye.

2. DANIELI ALISOMA UHAMISHONI

Danieli na wenzake watatu walichukuliwa kutoka kwao wakiwa vijana. Walipelekwa kusoma lugha na maandiko ya Wakaldayo kwa miaka mitatu, na chakula kilitoka kwa mfalme. Tuseme kwa lugha ya leo: walisoma kwa lugha ya kigeni, wakiwa wageni, kwa msaada wa masomo. Tuone mambo matatu.

Kwanza, muda wao ulijulikana: miaka mitatu, kisha kusimama mbele ya mfalme. Pili, gharama ilikuwa na mwenye kuilipa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Tatu, hawakuuza imani yao kwa ajili ya nafasi ile. Kijana anayekwenda chuoni awe na mambo haya matatu.

3. ADA HAIKAI MAHALI PAMOJA

Ada, au minerval kama tulivyozoea kusema kwetu, hupanda. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mpango wa kuongeza ada kwa asilimia 15 kila mwaka kwa wanafunzi wapya, kwa miaka mitano. Oktoba 2019 wanafunzi waliandamana kuupinga. Tazameni hesabu ya mpango kama huo: ada iliyokuwa 100 inakuwa 115, kisha 132, kisha 152, kisha 175, na nyongeza ya tano inaifikisha 201. Ni mara mbili. Hata mpango ukibadilishwa njiani, mzazi mwenye mtoto aliye S2 leo asitumie ada ya leo kupanga safari ya miaka minne ijayo.

Na mapato yetu hayapandi. Mwaka 2023 mgao wa chakula hapa Uganda uligawanywa katika makundi matatu kufuatana na uhitaji wa familia, na mwaka 2025 WFP ililazimika kuondoa watu karibu milioni moja katika msaada huo kwa kukosa fedha. Kwa hiyo anayesema "nitalipa chuo kwa pesa ya mgao" anajenga juu ya mchanga.

4. PIGA HESABU YOTE

Chukua daftari. Nitatoa mfano tu, kila mtu aweke namba za chuo chake. Tuseme ada ni shilingi 1,200,000 kwa muhula, kozi ni ya miaka 3, yaani mihula 6.

- Ada: 7,200,000
- Usajili, maktaba, mitihani, kitambulisho na malipo mengine nje ya ada, 300,000 kwa muhula: 1,800,000
- Chumba, 100,000 kwa mwezi, miezi 9 kwa mwaka: 2,700,000
- Chakula, 150,000 kwa mwezi, miezi 9 kwa mwaka: 4,050,000
- Nauli, 160,000 kwa mwaka: 480,000

Jumla ni 16,230,000. Mnaona? Ada peke yake haifiki nusu. Familia nyingi hutafuta ile 1,200,000 ya kwanza, wakiipata wanasema Mungu amefungua mlango. Lakini aliyekosa kumaliza malipo huzuiwa kuingia mtihani, na muhula aliosoma bila mtihani ni kama hakusoma.

Kanuni ninayowashauri ni hii: kijana asianze kabla familia haijaona malipo ya mwaka wa kwanza wote, na haijaweza kuandika kwa majina malipo ya miaka inayofuata yatatoka wapi. "Mungu anajua" ni kweli, lakini si mstari wa daftari.

5. MASWALI MATANO YA KUULIZA CHUO

Kuuliza si ujinga. Nendeni wawili, mzazi na kijana, mkaulize:

(a) Je, chuo na kozi hii vimekubaliwa? Hapa Uganda kazi hiyo ni ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, yaani NCHE, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2001. Uliza juu ya chuo na juu ya kozi pia. Mwaka 2023 orodha ya baraza hilo ilionyesha kozi nyingi ambazo muda wa kibali chake umekwisha, hata katika vyuo vikuu vyenye jina kubwa. Mkimbizi anahitaji karatasi ambayo itasomeka hapa, itasomeka Bukavu, na itasomeka nchi ya mbali akipelekwa huko.

(b) Mtanitoza ada ya nani: ya mwenyeji, ya mtu wa Afrika Mashariki, au ya mgeni? Tofauti yaweza kuwa kubwa. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo mwaka 2022. Dai jibu la maandishi.

(c) Karatasi zangu zinatosha? Mwenye diploma ya Etat ya Kongo asidhani ataingia nayo moja kwa moja. Matokeo ya shule ya nje hulinganishwa na UNEB, na karatasi za Kifaransa hutakiwa kutafsiriwa kwa Kiingereza. Hilo lina gharama na lina muda. Lianze mapema, si juma la mwisho.

(d) Malipo yote nje ya ada ni kiasi gani? Omba orodha iliyoandikwa.

(e) Waliomaliza kozi hii wako wapi? Watafute wawili, uwaulize wao wenyewe.

Na ninyi mnaosikia wito wa kuhubiri, maswali haya ni yenu pia. Mimi nimepita chuo cha Biblia na ninakipenda. Lakini kuna watu wanaouza cheti cha udaktari wa theolojia kwa majuma machache na picha yenye kofia. Kanisa halilishwi kwa kofia. Ulizeni chuo kinasimamiwa na nani. Kwa mfano, ACTEA imekuwa ikikagua vyuo vya theolojia vya Afrika tangu mwaka 1976.

6. MSAADA WA MASOMO

Kwa hesabu za UNHCR, mwaka 2019 wakimbizi waliokuwa katika elimu ya juu walikuwa 3 kwa kila 100 wa umri huo. Mwaka 2023 walikuwa 7. Lengo ni 15 ifikapo mwaka 2030. Tunapanda, lakini wengi wetu bado wako nje.

Msaada unaojulikana zaidi ni DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za Serikali ya Ujerumani. Ni wa shahada ya kwanza katika nchi ya ukimbizi. Waombaji ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo uliza ofisi ya elimu kama maombi yamefunguliwa, na uwe na mpango wa pili. Jambo moja lisisahaulike: huduma za UNHCR hazilipiwi. Anayekuomba pesa ili "apitishe jina lako" ni mwizi, hata kama anaimba kwaya.

Pia kuna kusoma bila kuondoka kambini. Ndugu zetu wa Kakuma nchini Kenya na Dzaleka nchini Malawi walianza kusoma kozi za Wajesuiti kwa njia ya intaneti mwaka 2010. Huko Dadaab, vyuo vikuu vya Kenya na Kanada vimefundisha walimu wakimbizi papo hapo tangu mwaka 2013. Njia kama hizo hupunguza kodi ya chumba na nauli. Lakini swali la (a) lazima liulizwe: cheti kinatolewa na nani?

7. NJIA FUPI INAYOFIKA

Wazazi, tusidharau diploma ya miaka miwili au chuo cha ufundi. Muuguzi na fundi umeme, hawa hula kazi ya mikono yao mapema, na mwenye diploma anaweza kuendelea na shahada baadaye kwa pesa yake mwenyewe. Aliyefikisha miaka 25 bila karatasi zote anaweza kufanya mtihani maalum wa watu wazima wa kuingia chuo kikuu. Diploma iliyomalizika ni nyumba ndogo yenye paa. Shahada iliyoachwa katikati ni mnara wa Luka 14.

Na binti zetu wasiondolewe katika hesabu. Pesa ikiwa kidogo, tumezoea kumpeleka kaka na kumwoza dada. Binti za Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakaomba fungu lao, na Bwana akasema wana haki (Hesabu 27). Familia iangalie ni nani mwenye uwezo wa kumaliza, si nani mwenye suruali.

8. DENI

Mjane wa 2 Wafalme 4 alikuwa karibu kunyang'anywa wana wake wawili kwa sababu ya deni. Elisha hakumtafutia mkopeshaji mwingine. Alimwuliza ana nini nyumbani, na majirani wakatoa vyombo. Mafuta yakauzwa, deni likalipwa, nao wakaishi kwa kilichobaki. Muujiza ulikuwa wa Mungu, lakini vyombo vilikuwa vya majirani.

Basi tusikope kwa riba ya mtaani kwa ajili ya ada, wala kuweka rehani kadi ya familia. Likelemba na vikundi vya kuweka na kukopa tunavyo. Kianze hata kimoja cha ada tu, mtoto akiwa bado S3. Na kila kanisa lijiulize: kuliko kuwasaidia watoto kumi kuanza, je, hatuwezi kumsaidia mmoja mpaka amalize, kisha yeye amshike mkono wa pili?

MASWALI YA KUJADILI
1. Je, katika nyumba yetu kuna aliyeanza na hakumaliza? Tunawezaje kumrudisha bila kumwaibisha?
2. Danieli alikataa nini, na alikubali nini? Kijana wetu chuoni atakataa nini?
3. Andikeni gharama yote ya kozi moja ambayo mtoto wenu anaitamani. Ni mistari mingapi isiyo na jina la mlipaji?
4. Majirani zetu wana "vyombo" gani vya kutuazima?

TUOMBE
Baba, wewe ulimpa Danieli maarifa katika nchi ya kigeni. Wape watoto wetu akili ya kusoma, utupe sisi wazazi hekima ya kuhesabu na ujasiri wa kuuliza. Walioishia njiani, uwainue. Utulinde na wezi na madeni. Kwa jina la Yesu, Amina.

Ndimi ndugu yenu katika Kristo,
Mchungaji wenu