Dondoo muhimu: Diski moja, jina moja kwenye seva zote

Diski inayofikiwa kwa njia mbili huonekana kwenye Linux kama diski mbili, tuseme sdb na sdc, na majina hayo yanaweza kubadilika seva ikiwashwa upya. Kwa hiyo usiipe Pacemaker, programu inayosimamia klasta, jina la njia. Ipe kifaa cha multipath kilichomo /dev/mapper, kinachounganisha njia zote mbili. Wapo watakaosema mpatha, jina ambalo multipath hulitoa yenyewe, inatosha kwa kuwa inasomeka. Inasomeka kweli, lakini kila seva hutunza orodha yake ya majina hayo katika /etc/multipath/bindings. Mpatha ya seva hii yaweza kuwa mpathb kwa jirani yake, na huduma ikihamia huko itaandika kwenye diski isiyo yake. Hatari hiyo haivumiliki. Katika /etc/multipath.conf, funga WWID, utambulisho wa kudumu wa diski, na alias moja, yaani jina unalolichagua mwenyewe; nakili mpangilio huo kwenye seva zote, kisha linganisha majibu ya multipath -ll kabla ya kuwasha klasta.